Kusomea topografia Goma: uliza kwanza wana tripie ngapi

Nimemaliza miaka 3 ya topografia, yaani upimaji wa ardhi, katika chuo kimoja hapa Goma, na wadogo zangu wa mtaani Ndosho hawaishi kuniuliza kama inafaa kulipa minervali (ada ya masomo) pale. Inafaa. Lakini si kwa sababu zilizoandikwa kwenye bango lao.

Bango lilisema mazoezi ni mengi. Promosio yetu ilikuwa ya watu 43, teodoliti 2 (kifaa cha kupimia pembe), na nivo (kifaa cha kupimia tofauti za kimo) moja tu iliyokuwa nzima. Piga hesabu mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliisogelea teodoliti mara nne, na mara mbili kati ya hizo kazi yangu ilikuwa kuishikia mwavuli isipigwe na jua. AutoCAD, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, tulifundishwa ubaoni, kwa chaki. Hapo sina la kuongeza.

Kilichoniokoa ni asistenti mmoja, na ardhi yenyewe ya Goma. Huyo asistenti alikuwa akitutoa darasani saa kumi na mbili asubuhi, tripie (miguu mitatu ya kusimamishia kifaa) juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, tunakwenda kupima juu ya lava ya 2002, ile iliyopita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani. Siku ya kwanza alitupa dira. Simama huku, soma mwelekeo wa mwenzako. Kisha yeye asome wako. Tofauti ya masomo hayo mawili lazima iwe digrii 180. Sisi tulipata 171. Tukarudia: 173. Tukaanza kulaumiana, huyu macho yake, yule mkono unatetemeka. Asistenti alicheka mpaka akakaa chini, juu ya lile jiwe lililokuwa likitudanganya: lava ina madini yenye chuma, inaivuta sindano ya dira. Kwenye kitabu jambo hilo ni mstari mmoja. Mimi sitalisahau.

Nivo ndiyo iliyonifunza unyenyekevu. Tulipewa mzunguko wa kilomita 2 na robo, tuanzie alama moja na kurudi palepale. Ukirudi, jumla ya kupanda na kushuka inatakiwa iwe sifuri, au karibu. Kikomo cha kosa alichotuwekea asistenti kilikuwa milimita 20 mara kipeuo cha pili cha kilomita, yaani kwetu 30. Tukafunga na 41. Milimita 41 ni upana wa vidole viwili, nikadhani atatuhurumia. Alichana karatasi.

Tulirudia kutwa nzima kabla ya kugundua kosa. Kila unapohamisha nivo, mira (ile rula ndefu inayosomwa kwa nivo) inabaki pale pale, inageuzwa tu uso, na chini yake panatakiwa kuwe na kile chuma cha miguu mitatu kinachoitwa krapo, yaani chura. Krapo ya chuo ilipotea kabla hatujafika. Basi tulikuwa tunaegesha mira juu ya kijiwe chochote, na vijiwe vya volkano ni vyepesi, vina matundu kama mkate. Mwenzetu alipokuwa anaigeuza, kijiwe kilikuwa kinazama kidogo kidogo. Milimita 3 hapa, 5 kule. Asistenti alikuwa amekiona tangu asubuhi, akanyamaza.

Malalamiko ninayo. Hela ya mazoezi tulilipa kila mwaka, na sijui ilinunua nini, kwa sababu betri ya GPS ilikufa nikiwa mwaka wa pili na nikaondoka ikiwa bado imekufa. Kuratibu za UTM (gridi ya ramani iliyogawanywa kwa kanda), kanda ya 35 Kusini, nazijua kwa kichwa; kifaa chenyewe nilikuja kukishika kazini. Stazhi, yaani mafunzo kazini, pia ujitafutie. Mimi niliipata kwa mjomba, asiye na mjomba alipeleka barua ofisi kumi.

Kwa hiyo ukienda kujiandikisha, usiulize wana maprofesa wangapi. Omba kufunguliwa stoo ya vifaa. Wakikataa, umeshajibiwa. Wakifungua, hesabu tripie, kisha gawa na idadi ya wanafunzi.

Mimi siku hizi napima viwanja, hasa vya watu wanaogombania ukuta. Hela yangu ya kwanza nilimpelekea fundi wa kuchomelea vyuma kule Birere, nikamchorea krapo kwenye mfuko wa saruji. Aliniuliza mara mbili kama ni jiko. Ina uzito wa kutosha, na siiazimishi.