Steshenari ya karibu na Soko Kuu la Mtwara: wasifu mzuri, nywila mikononi mwa wengine

Steshenari zinazotangaza kuandika wasifu wa waombaji kazi ni nyingi Mtwara mjini, na baadhi yake hufungua tu faili la mteja aliyetangulia, hufuta jina lake na kuingiza lako. Hii ninayoitathmini, iliyo jirani na Soko Kuu, inafanya kazi kwa uangalifu zaidi, ingawa ina kasoro ambazo mteja anapaswa kuzijua kabla hajalipa. Nilimpeleka mpwa wangu, mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, ambaye alikuwa akiomba nafasi ya mtunza ghala. Bei ilikuwa shilingi 10,000 kwa wasifu pamoja na barua ya maombi. Kuskani vyeti kulilipiwa kando.

Dada anayehudumia hakugusa kibodi hadi alipoonyeshwa tangazo la kazi. "Mdogo wangu, bila tangazo nitakuandikia historia ya maisha tu," alimwambia. Alilisoma lote, akapigia mstari majukumu yaliyotajwa, kisha akauchukua wasifu wa zamani aliokuja nao kijana. Nusu ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imeliwa na dini, kabila, hali ya ndoa na shule ya msingi, na uzoefu wake wote wa kazi ulikuwa umefupishwa katika maneno matatu yaliyowekwa chini kabisa: "nilifanya kazi ghalani".

Hapo ndipo huduma hii ilipostahili fedha yake. Aliulizwa ni ghala la nini, nani alikuwa akipima mzigo, nani alikuwa akijaza vitabu, na hatua gani ilichukuliwa pale magunia yaliyohesabiwa yalipotofautiana na yaliyoandikwa. Kumbe kijana huyu, katika kazi ya msimu chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mazao ya wakulima hukusanywa ghalani na kutolewa stakabadhi kabla ya kuuzwa, alikuwa akipokea korosho kutoka vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, akishuhudia upimaji wa unyevu, akitenganisha daraja la kwanza na la pili, na akilinganisha hesabu za mizani na kumbukumbu za ghala kila jioni. Yote hayo yaliandikwa kwa vitenzi vya wazi, kazi ya karibuni ikitangulia, na kila jukumu likaelekezwa kwenye sharti mojawapo la tangazo. Mwajiri yeyote wa ukanda huu, iwe bandari, kiwanda cha saruji au chama kikuu cha ushirika, angeelewa mara moja mtu huyu anaweza kufanya nini. Karatasi zilikuwa mbili tu, bila mapambo.

Jambo jingine la kusifu ni ukaguzi wa nyaraka. Mhudumu aligundua kwamba jina la kati katika cheti cha kidato cha nne lilikuwa na herufi moja ya ziada ikilinganishwa na kitambulisho cha taifa, akamshauri kijana amwone wakili mapema kuhusu hati ya kiapo. Alimkumbusha pia kwamba matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosimamia ajira za utumishi wa umma, hayakubali hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita badala ya vyeti halisi, na kwamba hutaka wadhamini watatu wenye namba za simu zinazotumika. Aliwataka wadhamini hao wapigiwe simu palepale ili waridhie, jambo ambalo wahudumu wengi hawalijali.

Kasoro ya kwanza ni aya ya utangulizi, ile ya kijana mchapakazi anayejituma na kuweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Niliiona neno kwa neno katika wasifu wa mtu mwingine uliokuwa umeachwa mezani, na hilo lenyewe ni tatizo, maana karatasi ile ilikuwa na namba za simu za mwenyewe na za wadhamini wake. Isitoshe, Kiingereza cha aya hiyo kilikuwa kizito kuliko cha mwombaji; tuliomba ipunguzwe ibaki kile ambacho angeweza kukieleza mwenyewe mbele ya jopo la usaili. Hawakubisha.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kwa wateja wasio na barua pepe, duka hufungua akaunti kwa kutumia namba ya simu ya duka na nywila iliyozoeleka pale, kisha hutumia barua pepe hiyo kumsajili mteja katika Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira wa kuombea kazi. Mteja akiondoka, hana uwezo wa kuingia bila wao, ilhali taarifa za kuitwa kwenye usaili hupatikana katika akaunti hiyo. Mpwa wangu alikuwa na barua pepe yake na aliandika nywila mwenyewe. Mbona asiye nayo asifunguliwe kwa simu yake? Nilimwuliza mhudumu, akajibu kwamba wengi husahau nywila na kurudi kulalamika. Sababu hiyo haitoshi.

Ninaipendekeza kwa kazi ya kuandika wasifu; usajili wa mtandaoni ni bora mtu aufanye kwa simu yake mwenyewe. Aende na flashi, ili arudi na faili linaloweza kurekebishwa kwa tangazo jingine, na asisubiri siku ya mwisho, kwa kuwa siku hiyo foleni hufika barazani na maswali yale mazuri hayaulizwi tena.