Jirani mnunaji kanimalizia usingizi

Jamani hiki kitabu nilikichukua nikiwa hoi tu, nataka kitu chepesi cha likizo kisichoumiza kichwa, nikajisemea nasoma kurasa ishirini nalala, kuja kuangalia saa ni saa nane usiku na nacheka peke yangu. Ni riwaya ya mapenzi ya Krismasi: dada kahamia nyumba ya kupanga, ana taa za rangi dirisha zima, miziki ya sikukuu toka asubuhi, na wamepakana ukuta na jamaa kanuna huyo, hata salamu anaitikia kwa kichwa.

Kinachobeba kitabu ni vikaratasi. Jamaa hagongi mlango, anapenyeza kikaratasi kwa chini. Cha kwanza kina maneno matatu, "Muziki. Saa sita." Dada anamjibu nyuma ya kilekile na katuni kachora, kamenuna. Basi vinaanza kurefuka, yaani mwandishi hasemi popote kwamba jamaa kashapenda, we unaona tu karatasi inajaa, mpaka siku anashusha mistari kumi na mbili ya kulalamikia zile taa na mwishoni kabisa, kama kasahau, anaongeza kwamba waya wake umechunika asiziwashe. Asubuhi dada anafungua mlango, anakuta waya mpya umekunjwa vizuri juu ya zulia la mlangoni. Kikaratasi hakuna. Aisee hapo nilikiweka kitabu kifuani kwanza.

Sasa lawama. Kuanzia katikati jamaa naye anapewa sura zake asimulie, moja ya dada moja ya kwake, riwaya nyingi za mapenzi siku hizi ndo zinaenda hivyo, ila hapa imeharibu. Mtu mnunaji utamu wake ni kumkisia ukiwa nje. Jane Austen alishalijua hilo 1813, kwenye riwaya yake ya Pride and Prejudice huyo Darcy, mnunaji wa humo, tunamwona zaidi kwa macho ya Elizabeth, dada anayekuja kumpenda, na akija kujieleza anaandika barua moja tu, ukimaliza kuisoma unaanza kumfikiria upya. Huyu wetu anajieleza kila sura, mara mpenzi wake wa zamani, mara kwao sikukuu hazikuwepo, mara sijui kwa nini moyo unanidunda, kaka si ulikuwa umenuna wewe, nuna basi!

Theluji kuwafungia ndani na umeme kukatika, hiyo uliijua toka jalada, mi sina shida nayo. Ugomvi wa kuelekea mwisho ndo mbovu, eti meseji imesomwa nusu, watu wazima wawili wangeulizana swali moja yakaisha. Mambo ya chumbani hamna, mlango unafungwa na sura inaishia hapo, hata mama unamwazima bila wasiwasi.

Nyota tatu na nusu, na hiyo nusu ni ya ule waya.