Keki za Wastani, Umbea wa Daraja la Kwanza: Chai ya Enzi za Victoria kule Karen

Kwa shilingi 3,500 kila kichwa unapata chai, sandwichi za tango, skonzi, kipande cha keki na muda wa saa mbili wa kujifanya umealikwa kwa bibi mmoja wa shamba huko Uingereza, miaka ya 1870. Chakula nakimaliza hapa hapa. Skonzi zilikuja za moto na jemu ni nzuri. Sandwichi zilishaanza kukauka pembeni, na ile keki wanayoiita ya Victoria wameibania jemu. Kwa chakula peke yake singerudi. Kinacholipiwa pale ni yule bibi, yaani mwigizaji anayejifanya mwenye nyumba.

Mahali penyewe ni nyumba ya mawe. Unashuka matatu namba 111 pale Karen, Nairobi, unachukua boda. Jina sitaji kwa sababu nina malalamiko mbele, na wanaopajua watapajua. Unatuma nusu ya pesa mapema kwa M-Pesa, na ukifika askari anaangalia jina lako kwenye orodha kabla ya kugusa geti. Nilikwenda na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa, mtu asiyeamini kwamba chai bila tangawizi ni chai.

Mlangoni unapewa kadi ndogo, unaandika jina, unakunja kona moja, unaiweka kwenye kisinia cha fedha. Hiyo wameipata sawasawa. Kona iliyokunjwa ilimwambia mwenye nyumba kwamba mgeni alifika mwenyewe, hakumtuma mtumishi. Na mtumishi akikwambia bibi hayupo, ulijua yupo ndani ila hataki wageni, unaacha kadi yako na kuondoka bila kununa. Shangazi aliipenda sana hiyo. Akasema angekuwa na kisinia kama kile, mwezi wa Ramadhani angepumua.

Sasa bibi. Ni dada wa makamo, gauni la kijivu mpaka kwenye kifundo cha mguu, kofia ya lesi, funguo zinaning'inia kiunoni. Anazunguka meza hadi meza akikaa na wageni kama majirani zake na kuwapa habari za ukoo. Meza ya kwanza alizungumza Kiingereza. Alipomsikia shangazi akimwagiza mhudumu tangawizi, akaja kwetu na Kiswahili safi kabisa, tena cha heshima.

"Shikamoo mama. Mmesikia? Mpwa wangu amechumbiwa na kasisi msaidizi wa parokia ya pili."

"Marahaba, mwanangu. Na mahari?"

"Kwetu baba wa binti ndiye anayetoa, mama. Anampa binti fungu la kwendea nalo."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Fungu hilo anashika nani?"

Nilidhani bibi atacheka na kuhamia meza nyingine. Hakucheka. Alivuta kiti, akaeleza kama anayelalamikia jambo la nyumbani kwake. Mwanamke wa kule akishaolewa, mali yake karibu yote iliingia mkononi mwa mume, na wenye uwezo walilazimika kuandikiana hati za wakili ili binti abakiwe na kitu. Bunge lilikuja kupitisha sheria ya kumwachia mke mali yake mwaka 1882. "Kwa hiyo huyu wetu," akasema, "tunamwombea tu mume mwema."

"Subhanallah," shangazi akasema. "Sisi mali ya mke ni yake tangu enzi za Mtume. Mwambieni asitie sahihi chochote!"

Meza ya jirani, vijana waliokuwa wakipiga picha za skonzi, waliweka simu chini. Kabla ya hapo nilikuwa naona lesi na vikombe tu. Katika mashamba yale, nyumba na nyumba ziko mbali, mwanamke hana ofisi wala soko la kukutana na wenzake. Ziara na barua ndizo zilizomwambia nani kazaa, nani kafilisika, nani anaumwa. Ziara yenyewe ilikuwa ya robo saa hivi, kofia hata huivui. Kwetu Pwani ukikaa robo saa ukaaga, watu watauliza umeudhiwa na nini.

Barua nazo zipo. Kitambaa cha meza kimechapwa nakala ya barua iliyoandikwa kwa mlalo, halafu karatasi ikageuzwa na mistari mingine ikapita juu ya ile ya kwanza. Inaumiza macho, lakini ilikuwa na sababu. Kabla ya 1840 aliyelipia barua kwa kawaida ni aliyeipokea, na bei ilipanda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Mwaka huo ikaja posta ya peni moja, mtumaji analipa, na habari zikaanza kumiminika.

Malalamiko sasa. La kwanza, menyu inajisifu kwamba chai ni ya Limuru, "ileile ya enzi za Malkia". Haiwezekani. Michai ya kwanza ilipandwa Limuru mwaka 1903, na Victoria alifariki Januari 1901. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, kwa hiyo mji huu ulikuwa chini yake kwa muda usiofika miaka miwili. Hata sanamu yake ya bustani ya Jeevanjee, hapa mjini, ilizinduliwa 1906. Chai ya Limuru ni tamu, iuzeni kwa jina lake.

La pili limeniudhi kweli. Bili ililetwa ndani ya bahasha nyeupe yenye ukingo mweusi, mpana kama kidole. Mhudumu akasema ni "mtindo wa zamani". Ni mtindo wa msiba! Bahasha ya namna ile ilimwambia mpokeaji kuna kifo kabla hajaifungua, na ukingo ulipunguzwa upana kadiri miezi ilivyopita. Mjane alivaa nyeusi miaka miwili au zaidi. Victoria mwenyewe hakuivua tangu mumewe Albert alipokufa 1861. Shangazi, ambaye eda yake ilikuwa ya miezi minne na siku kumi, alipoelezwa alikataa kuigusa bahasha. Nililipa mimi. Nikamwambia meneja, akaandika kwenye daftari lake. Tutaona.

Ukienda, nenda siku ya kazi, maana Jumamosi bibi ana meza nyingi na anakupa salamu tu. Omba kukaa sebuleni. Kule bustanini mashine ya kukata nyasi inameza maneno. Tangawizi itaje unapoweka nafasi, watakutengenezea bila kukutoza. Na muulize bibi maswali, usikae kama uko sinema.

Anasema habari za ukoo zinasonga mbele kila mwezi. Shangazi amesharudi Mombasa, na jana amenitumia sauti kwenye WhatsApp akitaka kujua kama yule kasisi ameoa na hati imeandikwa na wakili gani. Nimeweka nafasi ya mwezi ujao.