Ukurasa wa usajili wa wachezaji wa MLB.com kwa msomaji wa Goma

Kwa anayefuatilia besiboli ya Marekani msimu ukiisha, ukurasa wa usajili wa wachezaji kwenye MLB.com, tovuti ya ligi kuu ya huko, unaaminika sana, ila hauna haraka. Ni bure, na kwa kuwa ni maandishi matupu haumalizi mega kama video. Chagua timu, kisha tarehe.

Mkataba huingizwa pale klabu inapoutangaza rasmi, baada ya mchezaji kupita vipimo vya daktari. Habari za mchezaji Juan Soto kukubaliana na Mets, klabu ya New York, zilivuma usiku wa tarehe 8 Desemba 2024, saa za kule. Klabu ikathibitisha tarehe 11. Huo ndio uzuri wake pia: tetesi hazimo. Lakini utasoma tu kwamba amesajiliwa. Miaka 15 na dola milioni 765 utavitafuta kwenye sehemu ya habari, na huko huko ndiko utakuta mambo ya viongozi, kama klabu ya Giants ya San Francisco ilipomkabidhi Buster Posey, mchezaji wake wa zamani, usimamizi wa shughuli za besiboli Septemba 2024.

Ufungue saa moja asubuhi. Desemba Goma iko mbele ya New York kwa saa 7, kwa hiyo siku yao ndiyo kwanza imefungwa.