Gazeti la mtandaoni la kusomwa na nyumba nzima: lipi la kulipia?

Pale Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa la Mji Mkongwe, gazeti hununuliwa asubuhi na mtu mmoja, na ikifika alasiri limeshapita mikononi mwa baraza zima na kumrudia mwenyewe lina madoa ya kahawa. Hakuna anayeuliza linaruhusu wasomaji wangapi. La mtandaoni linauliza.

Mwaka jana tulichangishana wanne: mimi hapa Michenzani, ami yangu wa Wete, mpwa wangu anayesoma Dar na kaka aliyeko Muscat. Akaunti moja, paswadi moja. Wiki ya pili ikafungwa. Msomaji yule yule alionekana yuko Pemba na Oman kwa saa moja, na masharti, ambayo hakuna kati yetu aliyeyasoma, yalisema akaunti ni ya mtu mmoja. Fedha hazikurudi. Siku hizi naangalia mambo mawili mbalimbali: vifaa vingapi, na watu wangapi. Ukiambiwa vifaa vitano, mara nyingi ni simu yako, kompyuta yako na tableti yako, jirani hayumo.

Namba moja kwangu ni kifurushi cha familia ambacho kila mtu anaingia kwa imeili na paswadi yake. The New York Times wanacho, cha watu wanne. Bei yake imezidi ya mtu mmoja, lakini igawe kwa wanne uone. Mmoja akipoteza simu, wenzake wanaendelea kusoma. Tabu iko kwenye malipo: kadi ya mmoja ndiyo inayokatwa kila mwezi, basi michango ikusanywe kabla, si baada (haya nayo nimejifunza kwa kuumia). Apple News+, huduma ya Apple ya kusomea magazeti na majarida, nayo hugawanywa kwa familia ya watu hadi sita, ila hapa Tanzania haiuzwi, hata ndugu wa London akikusifia vipi.

La pili, lipia peke yako kisha ugawe habari moja moja. New York Times hao hao humpa mlipaji habari 10 kwa mwezi za kuwazawadia wengine. Unatuma kiungo kwa WhatsApp, mwenzio anafungua bila kulipa. Kwa mtu kama ami, anayetaka habari mbili tatu tu, inamtosha na kubaki.

La tatu ni la wanaokaa nyumba moja: akaunti moja, kwenye tableti ya ukumbini. Njia hii inakubali hata kwa Le Monde, gazeti la Ufaransa linaloruhusu kifaa kimoja tu kwa wakati. Ukifungua kwenye simu, anayesoma kwenye tableti anasimamishwa. Mtapokezana. Mwananchi la mtandaoni nalo tunalisoma hivyo hivyo kwetu.

La mwisho kabisa, paswadi za bei chee zinazouzwa kwenye magrupu. Mwenye akaunti humjui, na kila ukitolewa unaanza kumbembeleza akutumie namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Nawe ukiwa ndiye mwenye akaunti, na unaingilia kwa Google, ukimpa mtu paswadi hiyo umempa na barua zako na picha zako.

Vyovyote utakavyochagua, anza na mwezi mmoja, usilipe mwaka. Na kama shida yako ni vichwa vya habari tu, BBC Swahili, DW Kiswahili na tovuti ya The Guardian la Uingereza hazidai hata senti.