Fundi fremu kamkata Mahalia wangu

Duka lenyewe la fremu, hapa Houston, silitaji jina, maana nikilitaja nitamalizia na matusi.

Nilipeleka bango la tamasha la jazz la New Orleans la 2003, lenye picha ya Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili, kazi ya mchoraji Michalopoulos. Wakusanyaji wanajua: mabango haya yanatoka tangu 1975, yanachapwa kwa skrini, rangi juu ya rangi, na kila nakala ina namba yake kwenye ukingo mweupe wa chini. Namba ndiyo mali. Bila namba una picha ya ukutani, basi. Na Mahalia si wa kuokoteza: mzaliwa wa mji uleule, na tamasha la kwanza, 1970 pale Congo Square, alikuwepo na aliimba.

Siku ya kulichukua naangalia chini, ukingo mweupe haupo. Namba haipo! Karatasi imekatwa nyoofu kabisa, kisu kimepita pale rangi inapoishia. Namuuliza kijana wa kaunta, ananijibu huku anatafuna bazoka: ukingo ulikuwa hauingii kwenye fremu, "tumeusawazisha". Kipande kiko wapi? Takataka zilishachukuliwa. Akaongeza kwamba hata hivyo sasa limependeza zaidi. Mimi nakodoa macho tu.

Bado. Wamelibandika zima kwenye ubao kwa gundi ya moto. Bango la namba halibandikwi, jamani! Linashikizwa kwa juu tu na vikaratasi vyepesi na gundi ya wanga, ili siku ukitaka kulitoa litoke kama lilivyoingia. Hili ukilibandua linachanika. Bosi wao alipotoka ofisini, hata pole hakusema. Alinipa kuponi, punguzo la asilimia 20 kwa fremu ijayo. Fremu ijayo, kwa nani?

Nikaweka nyota moja. Lakini haki yao niwape: kioo ni safi, hakirudishi mwanga wa taa, na kona za mbao zimeungana hadi huoni mstari. Mdogo wangu alipokuja akasimama mbele yake akasema, "Dada, huyu mama kapendeza, tatizo liko wapi?" Na kweli, ukikaa kwenye kochi huoni kasoro. Nikapandisha nyota mbili. Juzi nikataka hata kuongeza ya tatu.

Halafu jana kuna mtu anauza la mwaka huohuo, namba yake ipo, na bei aliyoitaja ilinikata maini. "Tumeusawazisha." Nyota zote nazirudisha kwangu, ikiwemo ya kioo. Ingekuwepo sifuri ningewapa sifuri.

Anayemjua fundi fremu wa Houston anayeacha kingo za watu, aniambie. Bango langu la 2001, lile la Louis Armstrong mpiga tarumbeta, bado limo kwenye bomba lake la kadibodi, na halitoki humo mpaka nimwone fundi mwenyewe akifanya kazi.