Gemu za fantasia: kabla hujalipa, uliza kurudisha pointi kunagharimu nini

Picha, muziki, urefu wa stori: hayo utayaona kwenye trela, hayahitaji mwongozo. Lalamiko linalorudi tena na tena kwa wanunuzi wa gemu za fantasia ni jingine kabisa. Mtu ameshacheza saa thelathini, mhusika wake yuko levo za kati, anakutana na bosi, yaani adui mkubwa, anayemlaza kwa mapigo mawili. Akifungua ukurasa wa sifa anakuta pointi alizopewa kila alipopanda levo zimemwagwa kila mahali: kidogo kwenye upanga, kidogo kwenye uchawi, kidogo kwenye kufungua makufuli. Na gemu haimruhusu kuzichomoa. Kilichobaki ni kuanza upya, au kuuza diski kwa hasara.

Kwa hiyo hapa gemu zimepangwa kwa swali moja, ambalo hutalikuta limejibiwa nyuma ya kasha: ukikosea kugawa pointi, kuzirudisha kunakugharimu nini?

Kosa la pointi huchelewa kuonekana. Levo za mwanzo maadui ni laini, mgao wowote unapita. Halafu gemu inakudai uamue mapema, kabla hujashika hata robo ya silaha zilizomo. Mtindo huu wa kukusanya uzoefu kwa kucheza hadi ugeuke levo ulitokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa mwaka 1974, ambao mwendeshaji wake ni binadamu na anaweza kukuonea huruma. Kompyuta haikuonei huruma yoyote, isipokuwa waliotengeneza gemu wawe wameiweka humo kwa makusudi.

1. Baldur's Gate 3

Upendeleo wangu kwa Larian, waliotengeneza gemu hii, siufichi, na sababu ni mifupa inayotembea, jina lake Withers. Unamkuta mapema katika sura ya kwanza, kaburini chini ya magofu yaliyo karibu na pale ulipoangukia. Hata ukimpita bila kumwona, atajitokeza mwenyewe kambini. Mlipe dhahabu 100: mhusika anarudi levo ya 1, anachagua upya klasi (aina ya mhusika, kama mpiganaji au mchawi), sifa na ujuzi, kisha anapandishwa hadi levo aliyokuwa nayo. Hakuna kikomo cha mara ngapi, na unaweza kuwabadilisha hata wenzako wa safari. Kabila la mhusika halibadiliki.

Mgao wenyewe una mtego ambao gemu haiuelezi vizuri. Unapewa pointi 27. Kila sifa huanzia 8 na mwisho wake ni 15, kisha unaongeza +2 kwenye sifa moja na +1 kwenye nyingine. Kutoka 8 hadi 13 kila hatua inakula pointi 1, lakini 14 na 15 zinakula pointi 2 kila moja. Na kinachofanya kazi ni namba shufwa peke yake: 16 inatoa nyongeza ya +3, 17 inatoa +3 ileile, hadi ufike 18 ndipo unapata +4. Anayeanza na 17 amelaza pointi chini ya godoro.

Kwa mpiganaji wa upanga mgao safi ni huu: Strength (nguvu) 15, Dexterity (wepesi) 14, Constitution (uimara) 14, Wisdom (hekima) 12, Intelligence (akili) na Charisma (mvuto) ziache 8. Hesabu: 9 na 7 na 7 na 4, jumla 27. Ile +2 iende Constitution iwe 16, +1 iende Strength iwe 16. Zote ni shufwa. Levo ya 4 ikifika, unaongeza 2 kwenye Strength inakuwa 18.

Kosa la pili ni kuchanganya klasi ovyo. Kikomo cha gemu ni levo 12, na zile feat (uwezo maalumu, au nyongeza ya sifa kama ile ya levo ya 4) huja kwa levo ya klasi, si kwa levo yako ya jumla: 4, 8 na 12 kwa klasi nyingi. Aliyegawa sita kwa sita kati ya bard na warlock anaambulia mbili. Aliyebaki kwenye klasi moja anapata tatu. Pigo la pili la mpiganaji linakuja levo ya 5 ya klasi yake, hivyo mwenye tatu za fighter na tatu za rogue anafika levo ya 6 bado anapiga mara moja kwa zamu huku maadui wamenona. Kwenye gemu nyingine hapo ungelia. Hapa unalipa dhahabu 100 na safari inaendelea.

Ubaya wake ni bei: dola 59.99 kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na haipendi kushuka sana. Inataka GB 150 za nafasi, tena kwenye SSD. Kucheza wawili kwenye skrini moja kwa Xbox kulianza na Series X. Ile ya Series S ilitoka bila uwezo huo, ukaletwa na sasisho la mwaka 2025.

2. Divinity: Original Sin 2

Larian tena, ya 2017, na ndiyo ninayomshauri mwenye PS4. Ukitoka Fort Joy unapanda meli ya Lady Vengeance, na humo kuna kioo kinachorudisha kila kitu bure, muda wowote. Tatizo ni kwamba, kwa kawaida, hadi ufike melini unaishi na makosa yako.

Jihadhari na kitu kimoja. Karibu kila adui ana ngao mbili, ya mapigo na ya uchawi, na hutaweza kumlaza au kumgandisha kabla hujaimaliza ngao husika. Ukiwa na wapiganaji wawili na wachawi wawili, kila upande unakwangua ngao yake, na hakuna anayefika nyamani haraka. Wengi huhisi pointi zao ni mbovu kumbe mgawanyo wa timu ndio mbovu. Pia usijaze Memory. Weka inayotosha kubeba ujuzi unaoutumia, zinazobaki peleka kwenye sifa inayokuza silaha yako. Chukua toleo la Definitive Edition.

3. Elden Ring

Hapa kurudisha pointi kupo, lakini kwa kipimo. Kwanza umshinde bosi Rennala katika akademia ya Raya Lucaria, kisha kila mara umpe Larval Tear moja, kitu adimu cha kuokota. Zipo chache kwa mzunguko mmoja wa gemu, kwa hiyo usizichezee. Klasi uliyoanza nayo haibadiliki, na hutashuka chini ya sifa zake za kuanzia.

Kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya ni kuinyima Vigor, sifa inayokuza uhai. Tazama namba: Vigor 40 inakupa uhai 1,450. Ukifika 60 una 1,900. Ukiendelea hadi 99 unafika 2,100 tu. Maana yake, kutoka 40 hadi 60 kila pointi inaleta wastani wa zaidi ya 22, na baada ya 60 kila pointi inaleta kama 5. Kwa hiyo panda hadi 40 mapema, nenda 60 baadaye, halafu simama hapo. Mtu wa levo 80 mwenye Vigor 20 hana haki ya kulalamika kwamba gemu ni ngumu.

La pili ni silaha nzito. Ukiishika kwa mikono miwili, Strength yako inahesabiwa mara moja na nusu. Silaha inayodai 30 inakubali 20 ukiishika hivyo. Kabla hujamwaga pointi kumi ili uweze kuibeba, ijaribu kwa mikono miwili kwanza. Na saa za mwanzo kupandisha silaha kwa mawe ya kufua kunaleta nguvu kuliko kupandisha sifa. Silaha za kawaida zinafika +25, zile maalumu zinazotumia mawe ya somber zinafika +10.

Shadow of the Erdtree ya 2024, nyongeza yake (sehemu ya ziada inayouzwa kando), usiinunue siku moja na gemu yenyewe. Haifunguki mpaka uwaue mabosi wawili, Radahn na Mohg, na wengi hawafiki. Nguvu yako humo inatokana na Scadutree Fragments, zinazofanya kazi ndani ya eneo hilo tu, kwa hiyo levo zako kubwa zitakuponza kama hujaziokota.

4. The Witcher 3

Gemu nzuri, mtego mmoja wa kipuuzi: ujuzi ulioununua kwa pointi haufanyi kazi mpaka uuweke kwenye nafasi iliyo wazi. Watu wanatembea na pointi kumi zilizolala. Ukiona nafasi zimejaa, acha kufungua ujuzi mpya; ongeza ule uliopo. Weka ujuzi wa rangi moja ukizunguka mutagen (kiungo cha kuongeza nguvu) ya rangi hiyohiyo, nyongeza inakua. Zile Place of Power, mawe ya nguvu yaliyotapakaa ramani, zinatoa pointi mara ya kwanza unapozigusa, usizipite njiani. Ukikosea, kuna dawa ya Potion of Clearance, inauzwa na wafanyabiashara humo humo ndani. Nunua toleo lenye nyongeza zote mbili.

5. Skyrim

Huku hugawi pointi za ujuzi; unakuza unachokitumia. Kuna ujuzi 18, na kila levo inakupa nyongeza ya 10 kwenye Health, Magicka au Stamina, pamoja na pointi moja ya perk, yaani uwezo wa ziada ndani ya ujuzi. Perk ni 251, hivyo hutazimaliza kwa mwendo wa kawaida.

Ubaya ni kwamba levo inapanda kwa ujuzi wowote, na maadui wengi wanapanda nayo. Ukijaza levo kwa Speech (maneno), Lockpicking (makufuli) na Pickpocket (kuiba mifukoni), unaingia pangoni na levo 20 lakini mkono wa levo 8. Chagua silaha moja na aina moja ya vazi, vitumie tangu mwanzo, hizo nyingine zije zenyewe.

Kurudisha kupo kwa mlango wa nyuma: ujuzi ukifika 100 unaweza kuufanya Legendary, unashuka hadi 15 na perk zake zote zinarudi. Hilo lililetwa na sasisho la 1.9 mwaka 2013. Njia ya pili ni kumaliza nyongeza ya Dragonborn, ambapo nafsi moja ya joka inasafisha mti mmoja wa perk. Sasa sikiliza: ile nakala ya flashi yenye toleo la kale haina hata mojawapo. Nunua Special Edition, ina nyongeza zote tatu.

6. Diablo IV

Pointi zinarudi kwa dhahabu, na gharama inapanda kadiri levo inavyopanda. Lakini hata ukicheza peke yako inataka intaneti muda wote. Bando likikata, na gemu imekata.

Za bei ndogo

Path of Exile ni ya bure, nayo ya intaneti muda wote. Mti wake una vituo zaidi ya elfu moja, na pointi unaweza kuichomoa kwa Orb of Regret, kitu cha kukusanya ndani ya gemu. Fuata mgao uliokwisha kupangwa na wajuzi, usibuni. Basi.

Na sasa wauzaji

Steam inakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujapita saa 2 za kucheza. Saa mbili! Kwenye Baldur's Gate 3 watu bado wanachagua nywele. Kosa la pointi linajionyesha saa ya ishirini, wakati mlango umeshafungwa. Na Tanzania na Kenya bado tunalipa kwa dola, shilingi ikiteleza bei inapanda bila gemu kubadilika hata nukta.

Madukani ni balaa jingine. Kuna wanaokuuzia akaunti wakiiita gemu: wanaingiza jina lao kwenye konsoli yako, wiki tatu baadaye wamebadilisha nywila. Kuna wanaobandika karatasi ya "full" kwenye diski ya kawaida isiyo na nyongeza. Muulize muuzaji kwa jina: Dragonborn imo? Akikujibu "kila kitu kimo, boss", ondoka.

Kwa diski za PS4 geuza kasha utafute alama ndogo ya dunia yenye namba: 1 ni Marekani, 2 ni Ulaya, 3 ni Asia. Nyongeza utakayonunua mtandaoni lazima itoke duka la eneo hilohilo. Diski ya 2 na akaunti ya Marekani haviongei, na hela ya nyongeza inaweza kupotea. Kama akaunti yako umeifungua kwa Uingereza, tafuta 2, hata kama ya 1 inauzwa elfu kumi pungufu.